Nani atahesabu ndege wa Tshangalele?



Mara hii nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi watalicheka kabla ya kumaliza kulisoma. Ni jambo la kutazama ndege. Hapa kwetu Katanga neno ndeke lina maana mbili: ndeke ya chuma na ndeke ya manyoya. Ya chuma kila mtoto anaitazama, anakimbia katikati ya lupango na kuipungia mkono. Ya manyoya hakuna anayeinua kichwa juu yake, isipokuwa mwenye manati.

Neno langu nalitoa hapa mwanzoni, kusudi asiwepo wa kusema kwamba nilimzungusha. Ninaomba masomo yetu yapange siku moja kila mwaka, katika mwezi wa kwanza, ya kwenda kando ya ziwa la Tshangalele kutazama ndege wa maji, kuwahesabu na kuandika tulichoona. Si matembezi ya kula mikate na kupiga picha. Ni kazi ya siku moja, na matokeo yake yabaki katika daftari la masomo hata sisi wote tukiisha kumaliza na kwenda zetu.

Sasa nieleze.

DESTURI YENYEWE

Desturi hii iko sana Ulaya, zaidi Uingereza. Wakati wa baridi yao, yaani mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, watu wanatoka nyumbani, wazee kwa watoto, wanakwenda mpaka kwenye mabwawa na madembo yaliyolindwa. Mtu anavaa makoti mawili na viatu vya mpira, anabeba chupa ya chai ya moto. Kando ya maji kumejengwa vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba kama tundu la kutilia barua. Watu wanaingia kimya, wanaketi kwenye benchi, wanafungua dirisha kidogo na kutazama. Mchana wa wakati ule ni mfupi: jua linatoka saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu limekwisha kuzama.

Fasi moja iliyo na sifa kubwa ni Slimbridge, kando ya mto Severn. Mwaka 1946, mara tu baada ya vita, Bwana Peter Scott alianzisha pale kituo cha bata na ndege wengine wa maji. Baba yake ni yule Kapiteni Scott aliyekufa katika barafu ya kusini ya dunia mwaka 1912, wakati mtoto alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Katika barua yake ya mwisho kwa mke wake, kapiteni aliomba mtoto afundishwe kupenda elimu ya viumbe. Mtoto alikua, akawa mchoraji na mtaalamu wa ndege, na mwaka 1961 alikuwa mmoja wa walioanzisha WWF, lile shirika lenye alama ya panda. Alama ile aliichora yeye mwenyewe.

Kila mwaka batamaji weupe wanafika Slimbridge kutoka nchi ya barafu ya Urusi, safari ya kilometa 4,000 hivi. Mdomo wa kila mmoja una rangi nyeusi na njano, na madoa ya rangi hizo hayafanani kwa ndege wawili, kama vile alama za vidole vyetu zisivyofanana. Tangu mwaka 1964 watu wa Slimbridge wanachora midomo ile katika vitabu vyao. Ndege akirudi mwaka unaofuata wanamtambua: huyu ni fulani, mke wake ni yule, mara hii amekuja na watoto wawili. Na asiporudi, wanajua pia kwamba hakurudi.

Ndugu msomaji, shika neno hilo la mwisho: wanajua kwamba hakurudi. Juu ya kuhesabu kila mwezi wa kwanza, watu wa Ulaya walijua kwamba batamaji wa namna ile waliokuja kwao walikuwa karibu 29,000 mwaka 1995, na mwaka 2010 walikuwa 18,000 hivi. Bila daftari, nani angegundua? Mzee mmoja angesema, “Zamani walikuwa wengi.” Kijana angemjibu, “Wazee husema hivyo siku zote.” Na mambo yangeishia hapo.

HAWAKUANZA NA WATAALAMU

Wengine wanafikiri kwamba kulinda ndege ni kazi iliyoanzishwa na maprofesa. Si kweli. Chama kikubwa cha Uingereza cha kulinda ndege, ambacho siku hizi kina wanachama zaidi ya milioni moja, kilianza mwaka 1889 upande wa Manchester, na walioanzisha walikuwa wanawake. Wakati ule wanawake matajiri walivaa kofia zenye manyoya, na juu ya kofia zile ndege waliuawa kwa maelfu, hasa wale weupe walio ndugu za nyange wetu anayefuata ng'ombe. Wale mama walikutana nyumbani, wakanywa chai, wakakubaliana kutovaa manyoya ya namna ile, wakaandika barua kwa wenzao. Walichekwa. Lakini hawakuacha, na mwaka 1921 serikali ikatoa sheria ya kukataza kuingiza manyoya ya ndege katika nchi.

Na matunda yalionekana. Kuna ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mwembamba uliopindika kwenda juu. Alikuwa amekoma kutaga mayai Uingereza kwa miaka 100 hivi. Wakati wa vita ya pili, askari waliachilia maji yafunike mashamba fulani ya pwani kusudi adui asipite. Vita ikaisha, maji yakabaki, na mwaka 1947 ndege yule akarudi mwenyewe na kutaga katika fasi kama Minsmere. Watu wakamlinda. Leo picha yake ndiyo alama ya chama kile. Kumbe kiumbe kilichoondoka kinaweza kurudi, kama kinakuta maji na kinakuta watu wenye akili.

BARIDI YAO, MVUA YETU

Mtu ataniuliza: “Hayo yote ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini?”

Yanatuhusu sana. Mwezi wa kwanza, wakati maziwa ya Urusi na Finland yamegeuka barafu, hapa kwetu ni mvua. Majani yamekuwa marefu, madembo yamejaa, wadudu ni wengi. Baridi yetu sisi iko mwezi wa sita na wa saba. Sasa ndege wanaokula wadudu na vidudu vya matope wataishi namna gani kule juu ya barafu? Wanakuja kwetu. Mbayuwayu wale unaowaona wamejipanga juu ya waya ya umeme wakati wa mvua, wengi wao walizaliwa chini ya paa la ng'ombe huko Ulaya. Yule ndege mdogo wa matope mwenye miguu mirefu, anayetikisa mkia wake kila anaposimama, Wafaransa wanamwita chevalier sylvain. Anataga mayai kwenye mabwawa ya misitu ya kaskazini, na wakati wa baridi ya kule anakula kwetu.

Watu hawakujua hayo kwa ndoto. Mwezi wa tano wa mwaka 1911, kule Uingereza, mtu mmoja alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, yenye namba. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1912 mbayuwayu yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Pete moja tu, ndogo na nyepesi, ikafunga mabishano ya miaka mingi. Na tangu mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza wanawafunga kekeo, ule ndege Wafaransa wanamwita coucou kwa sababu ya sauti yake, vyombo vidogo vinavyoongea na satelite. Vyombo vile vikawaonyesha ndege wale wanakokwenda baridi ikianza: wako katika misitu ya bonde la Kongo! Waingereza wanafurahi kila mwaka wakimsikia kekeo, wanasema baridi imekwisha, ndege wetu amerudi. Ndege wao? Anakaa kwao miezi michache tu, halafu anarudi Afrika. Na sisi tuna haki ya kumwita wetu.

Ni kwa sababu hiyo ile hesabu ya ndege wa maji haikubaki ya Ulaya peke yake. Ilianza mwaka 1967, na inafanywa mwezi wa kwanza wa kila mwaka, nchi nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1991 hesabu ya Afrika ikaanza nayo. Yaani wakati mtu wa Slimbridge ameketi katika kibanda chake akipuliza vidole, kuna Mwafrika kando ya ziwa lake, amekunja suruali magotini, naye anahesabu. Daftari zao zinakutana. Kama upande mmoja hauandiki, hesabu ya upande wa pili ni nusu ya habari. Ndege akipungua kule, watajuaje kama alikufa kwao, au njiani, au kwetu?

NDEGE ALIYESAHAULIWA MIAKA 49

Sasa nifike nyumbani. Ziwa la Tshangalele si ziwa la tangu Adamu. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na ukuta wa Mwadingusha mwaka 1930 hivi, kusudi kupata umeme wa migodi. Tambarare ikafunikwa, samaki wakazaa, wavuvi wakaja, na ndege wakawafuata.

Mwaka 1960, ule mwaka wa uhuru wetu, mtaalamu mmoja Mbelgiji, Bwana Ruwet, alikuta pale ndege mdogo wa njano mwenye uso mweusi, wa jamaa ya wale wanaofuma nyumba zao kwa majani na kuzitundika. Mwaka 1982 wataalamu wakakubali kwamba ndege huyu hafanani na mwingine wowote waliyemjua, wakamwandika kwa jina la Ploceus ruweti, yaani mfumaji wa Ruwet. Mwaka ule ule UNESCO ikaandika Lufira katika orodha yake ya fasi za kulindwa. Kisha? Kimya. Hakuna aliyeleta habari zake. Katika vitabu vya dunia aliandikwa kama ndege ambaye hakuna anayejua kama yuko hai au amekwisha. Ikawa hivyo mpaka mwaka 2009, wakati mabwana wawili, Louette na Hasson, walikwenda kumtafuta. Wakamkuta kwenye ziwa lile lile, tena si mmoja.

Wapenzi wasomaji, tulieni kidogo mbele ya jambo hili. Tangu 1960 mpaka 2009 ni miaka 49. Katika miaka ile yote ndege yule hakujificha. Alikuwa pale, anafuma nyumba yake juu ya maji, anapiga kelele kila asubuhi. Wavuvi walimwona. Watoto wa wavuvi walimwona, pengine walimpiga na manati. Mama aliyekwenda kuteka maji alimwona. Waliomwona ni mamia, na aliyeandika hayuko hata mmoja. Kwa dunia, ndege alikuwa amepotea. Kwetu alikuwa jirani.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata mali ambayo haikupotea, kama haina daftari, inahesabiwa kwamba imepotea.

Tena, tazameni jina lake. Ana jina la Mbelgiji. Sina ubaya na Bwana Ruwet, maana yeye alikuja, akatazama, akaandika. Anayefanya kazi anastahili jina. Lakini wavuvi wa kando ya ziwa wanamwita nani? Wazee wa Kapolowe wanamwita nani? Lazima wana jina lao la tangu zamani. Nani alikwenda kuwauliza na kuliandika? Sisi tunaosoma Biblia kila asubuhi katika ibada tunajua kwamba moja ya kazi za kwanza za Adamu, hata kabla ya kosa, ilikuwa kuwapa viumbe majina yao. Mungu aliwaleta mbele yake, akangoja aone atawaitaje. Naona Mungu bado anawaleta mbele yetu kila asubuhi, na bado anangoja.

WANAOKATAA WANASEMAJE

Nimesikia maneno ya wenzangu, nayaandika jinsi yanavyosemwa kwenye dortoire na uwanjani.

Wa kwanza wanasema: “Ile ni mambo ya bazungu benye kushiba.” Nawajibu hivi. Ni kweli, mtu wa Uingereza ana gari, ana koti, ana kazi inayomwachia siku ya posho. Lakini kuangalia kwa uangalifu si kitu cha muzungu. Mvuvi wa Tshangalele anasoma ndege kuliko profesa: anaona wanakozunguka, anajua samaki wako wapi. Nabii Yeremia, ambaye hakuwa tajiri hata kidogo, aliwakemea watu wa taifa lake akisema kwamba korongo wa angani anajua majira yake, lakini wao hawajui. Angewezaje kusema hivyo kama hakuwahi kutazama korongo akipita? Na Bwana wetu mwenyewe, pale mlimani, aliwaambia watu maskini, wenye wasiwasi wa chakula na nguo, watazame ndege. Hakuwaambia matajiri.

Wa pili wanasema: “Ndeke ni nyama. Mutu wa njala hahesabu nyama, anakula.” Neno hili sitalicheka, maana njala siyo mchezo. Lakini mwenye kuku anawahesabu kila jioni, hasa kama ni maskini. Tajiri ndiye anayeweza kusahau kuku wangapi wameingia. Tena ndege wa maji wanatuonyesha hali ya ziwa. Maji ya Likasi na viwanda vyake yanateremka mpaka Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Wataalamu waliopima samaki wa ziwa hili walikuta ndani yao metali kama kobalti, nyingi kuliko inavyofaa. Samaki hao tunawanunua sokoni, wabichi na wakavu. Ndege anayekula samaki na konokono wa ziwa anakula sahani moja na sisi. Siku akianza kupungua, heri tujue mapema, maana zamu inayofuata ni yetu. Lakini tutajuaje kwamba amepungua, kama hatukuandika alipokuwa mwingi?

Wa tatu wanasema: “Hatuna darubini, hatuna vitabu.” Kweli, hatuna. Lakini macho ya kijana wa miaka 16 ni chombo kizuri. Ndege mkubwa unamhesabu bila chombo. Mdogo usiyemjua, mwandike jinsi alivyo: ukubwa, rangi ya miguu, namna ya mdomo, anafanya nini. Usiandike uongo, usibuni jina. Wale mama wa mwaka 1889 walianza na karatasi na kalamu tu.

Wa nne wanasema: “Egzame ya Leta haiulizi ndeke.” Haiulizi, ndiyo. Lakini inauliza biolojia, na mwalimu wetu anatufundisha mnyororo wa chakula kwa kuchora ubaoni majani, mdudu, samaki na ndege. Ubaoni vile vitu vimekufa. Kando ya maji viko hai. Atakayeona kwa macho yake nyoka-maji akimezwa na ndege mrefu hatasahau somo lile hata mbele ya jury. Tena mimi nauliza: tumekuja masomoni kujibu egzame tu, au kujua nchi yetu?

Wa tano ni wazazi, nao wana haki. Wanaogopa maji na barabara. Juu ya hayo nitasema hapa chini.

NASHAURI HIVI

1. Siku iwe moja: siku ya posho ya katikati ya mwezi wa kwanza. Isiwe leo mwezi wa kwanza na mwakani mwezi wa tano. Hesabu inapata maana ikirudiwa wakati ule ule.

2. Fasi iwe moja, tena iwe kando ya maji, juu ya nchi kavu. Hakuna kupanda pirogi, hakuna kuoga. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi kumi, na barua ya mzazi mkononi. Wasioweza kufika ziwani, kama wadogo wa klasi za chini, waende kwenye dembo la karibu na masomo. Ndege hawachagui maziwa yenye sifa peke yake.

3. Tuombe ruhusa kwanza kwa chifu wa kijiji na kwa wavuvi, kama watu wenye adabu. Tumwombe mvuvi mmoja mzee awe mwalimu wetu siku ile. Mzee wa maji anajua mengi ambayo hayako kitabuni. Tumwite Tata, tumsikilize, tusimsahihishe.

4. Daftari liwe na mistari mitano: jina la ndege kwa lugha ya kwetu, Kisanga au Kibemba au nyingine, jina la Kiswahili kama liko, idadi, alichokuwa akifanya, saa. Jina la Kifaransa tutaliongeza baadaye na mwalimu.

5. Tuandike na sifuri. Hili ni la lazima. Kama mwaka huu tuliona ndege warefu 12 na mwakani hatukuona hata mmoja, tuandike 0. Wengi wanafikiri sifuri ni aibu, kama ile ya dikte. Katika hesabu hii sifuri ni habari kubwa kuliko zote. Mtu asiyeandika sifuri yake amedanganya kwa kunyamaza.

6. Manati yabaki nyumbani. Sisemi hivi kwa kuchekesha.

7. Tarehe 2 ya mwezi wa pili, hesabu isomwe mbele ya masomo yote, wakati wa mstari wa asubuhi. Siku ile ina sababu. Tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 1971, katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran, mataifa yalikubaliana kulinda madembo na maziwa ya dunia. Nchi yetu iliingia katika mapatano yale mwaka 1996, na bonde la Lufira likaandikwa katika orodha yake mwaka 2017. Yaani kwenye karatasi, maji yetu yanalindwa na dunia nzima. Lakini karatasi haina macho. Macho ni sisi.

KWA WALIMU NA WAKUBWA

Bwana prefe, walimu wetu, ninajua mnayo mizigo. Chaki hazitoshi, mishahara inachelewa, klasi zimejaa. Siombi bajeti ya darubini. Ninaomba siku moja, daftari moja lenye jalada gumu, na fasi katika kabati la bilo ambako daftari lile litakaa na kufungwa kwa ufunguo. Daftari lisiwe la mwalimu wa biolojia peke yake, maana mwalimu anaweza kuhamishwa. Lisiwe la mwanafunzi, maana mwanafunzi anamaliza. Liwe la masomo, kama kitabu cha ubatizo kilivyo cha kanisa. Wachungaji wanapita, kitabu kinabaki, na mtoto wa miaka 50 iliyopita bado tunaweza kumwona jina lake.

Fikirini vile ingekuwa kama masomo moja tu ya sekondari, kati ya yote yaliyoko upande huu, ingefanya kazi hii tangu mwaka 1960. Ploceus ruweti asingepotea hata siku moja. Wale mabwana wa 2009 wangefika, wakauliza, na mwanafunzi wa klasi ya tatu angefungua daftari na kuwaambia, “Mwaka jana tulihesabu nyumba zake kadha wa kadha, karibuni tuwaonyeshe.” Wangetusikiliza sisi, badala ya sisi kusoma katika kitabu chao habari za mlango wetu.

Wengine watasema, ndege ni kitu kidogo, nchi ina mambo mazito. Ni kweli nchi ina mambo mazito. Lakini mambo yetu mengi mazito yanafanana na hili dogo. Shaba inatoka, hatujui ni tani ngapi. Miti inakatwa kwa makala, hatujui imebaki mingapi. Samaki wanakuwa wadogo kila mwaka, hatuna kipimo cha mwaka uliopita. Kila fasi tunasema “mingi” au “kidogo”, na mwenye kalamu anakuja kutoka mbali anatuandikia hesabu anayotaka. Kijana aliyezoea kuhesabu ndege bila kuongeza wala kupunguza, na akaandika sifuri bila aibu, siku moja atakuwa karani wa mizani, daktari, hakimu au diwani wa kanisa. Huyo hatadanganywa kwa urahisi, na naye hatadanganya.

Mvua zinakuja. Mbayuwayu watajipanga tena juu ya waya, na yule mdogo wa matope atashuka Tshangalele akiwa amechoka na safari. Hawatatungoja tupige kura. Nawaomba wenye kukubali shauri hili waandike majina yao kwa mwalimu wa biolojia kabla ya mwisho wa trimesta, na wenye kukataa waandike sababu zao katika namba ijayo ya buletini. Nitazisoma zote.

Mwanafunzi wa klasi ya tano, Biolojia-Kemia